Mama Adelaïde Aliyemchoma Shahidi

"Mulituletea miti ya kufa," Adelaïde alisema, wala hakuteremsha sauti. "Mulisema tupande, tukapanda. Mulisema tupalilie, tukapalilia. Sasa inakauka ikiwa imesimama, na weye unakuja na kofia yako kuniuliza nilikosa wapi. Miye njo ninakuuliza weye: mulikosa wapi?"

Théogène alikuwa moniteri wa kilimo, aliyezunguka vilima vya Kibabi kwa baiskeli akikagua mashamba ya watu. Wanaume walimvulia kofia mbele na kumcheka nyuma. Mjane huyu alimcheka mbele. Moniteri akalaza baiskeli kwenye majani, akauangalia mkaratusi uliokuwa karibu. Majani ya juu yalikuwa ya njano, tena machache, kama nywele za mtu aliyetoka kuugua. Wa nyuma yake ulikuwa vilevile. Wa tatu ulibaki mti kwa jina tu.

"Mama, sikusema ulikosa."

"Ulisema nini basi?"

"Nilisema unipe panga."

Akampa, mpini mbele, kwa sababu hasira ni hasira na adabu ni adabu. Théogène akachuchumaa, akabandua ganda la mti pale linapokutana na udongo. Chini yake kulikuwa na kitu cheupe, kimetanda kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Akakikwangua kwa ukucha, akamwelekezea anuse. Kilinuka uyoga.

"Mvua ikinyesha, uyoga unaota hapa?"

"Kila mwaka. Iko mutamu sana. Tunakula na bugali."

"Basi ule uyoga njo ugonjwa. Weye unakula uyoga, uyoga unakula miti. Lakini yeye anashiba mbele yako."

Adelaïde hakujibu. Kwa waliomjua, hilo lilikuwa jambo la kusimuliwa sokoni Sake.

Alikuwa mke wa Edmond, na baadaye mjane wa Edmond, na watu wengi walidhani hadithi yake ingeishia hapo. Katika miaka ya vita vya Wazungu, amri ilipotolewa kwamba kila mwanaume apande miti, wengine walipanda mstari mmoja kando ya barabara, wa kumridhisha mkaguzi aliyepita na gari. Edmond alipanda mteremko mzima. Walimwita mwenda wazimu, wakamuuliza kama mikaratusi inaiva kama maharagwe. Yeye na mkewe walibeba miche mgongoni wakashindilia udongo kwa visigino. Miti ilipofika unene wa paja, kifua kikamwondoa Edmond, kikamwachia Adelaïde mabinti wawili na mteremko. Watu walimwonea huruma mpaka matanga yakaisha. Baada ya hapo walianza kumwonea wivu.

Sababu ya wivu ilikuwa moto. Bondeni, mzungu mmoja alikuwa amelima maua ya pareto, na maua yale hayauzwi mabichi. Alijenga seshwari, nyumba ndefu ya kukaushia, yenye tanuri upande mmoja na vichanja upande wa pili, na tanuri lile lilikula kuni kama harusi inavyokula ndizi. Kila mwenye mti alikimbilia shoka. Walikata yote kwa mara moja, wakauza mbichi, wakanywa kasiksi, pombe ya ndizi, kisha wakabaki na vilima vyenye upara.

Adelaïde hakufanya hivyo. Aligawa mteremko wake kwa macho: huku mwaka huu, kule mwaka ujao, kule juu baadaye kabisa. Alikata chini na kwa mshazari, maji yasilale juu ya kisiki. Mvua zikija, kisiki kilitoa machipukizi kama vidole, naye alichagua mawili yaliyo imara, mengine akayaondoa bila huruma. "Mama moja hanyonyeshi batoto kumi," aliwaambia mabinti zake. Kuni zenyewe alizipasua, akazipanga chini ya paa la nyasi, akazigonga moja kwa nyingine kila alipopita. Kuni iliyokauka hulia. Kuni mbichi hunung'unika.

Mlinzi wa tanuri, Symphorien, alizijua kwa sauti hiyo hiyo. Yeye alitoka Walikale, kwa watu wa msitu mkubwa, na jambo la kupanda miti lilimchekesha mpaka alipozoea.

"Kwetu hatupandi miti," alisema. "Miti njo inatupanda siye."

"Njo maana mumekaa gizani," Adelaïde alimjibu.

Lakini Symphorien ndiye aliyetangaza njia nzima kwamba wengine wanaleta moshi, Adelaïde analeta moto. Maua yaliyonuka moshi mzungu aliyatupa, na aliyelaumiwa ni Symphorien. Kwa hiyo mtu wa Walikale alikuwa na sababu yake ya kumpenda mjane wa Kibabi, na haikuwa ile waliyoinong'ona wambea.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa miti ilipoanza kufa.

"Ukiacha, miti itakufa yote," Théogène alisema siku ile, akimrudishia panga. "Ugonjwa unatembea chini, kwa mizizi. Ule unaogusana na mugonjwa, unakuwa mugonjwa. Kukata haisaidie. Lazima ung'oe kisiki na mizizi, uchome, uchimbe mufereji kati ya wagonjwa na wazima. Na pale ulipong'oa, usipande muti kwa muda murefu. Panda maharagi."

"Nitang'oa."

"Na kile pia." Moniteri alinyoosha kidole.

Alionyesha kisiki kikubwa katikati ya mteremko, cheusi, kipana kama meza ya padri. Hakikuwa cha mkaratusi. Kilikuwa cha mti wa msitu wa zamani, aliouangusha Edmond kwa mkono wake alipofungua shamba.

"Kile hapana," Adelaïde alisema.

"Mama, ugonjwa umetoka pale. Msitu ulikatwa, mizizi ikabakia chini na ugonjwa wake. Mukapanda mikaratusi juu yake."

"Nimesikia. Nimesema kile hapana."

Théogène hakuwa mtu wa kilima kile, hakujua alichokuwa akiomba. Hapo, mtu aliyefungua msitu aliacha kisiki kimoja, kilicho kikubwa kupita vyote, na hakuna aliyekigusa kwa moto wala kwa jembe. Kilikuwa shahidi wake. Ugomvi ukizuka, wazee walikwenda kukaa juu ya kisiki, wakauliza: nani alikata huyu? Jibu lilimaliza maneno. Na mtu aliyeng'oa shahidi wake mwenyewe alikuwa amesema, bila kufungua mdomo, kwamba anahama na hatarudi. Mwanaume mwenye wana angeweza pengine kucheza na jambo hilo. Mjane mwenye mabinti wawili, hapana.

Alianza na miti midogo. Hakuiamini kofia, aliamini jembe. Aling'oa mkaratusi mgonjwa, akafuata mizizi yake kwa mikono, akaona nyuzi nyeusi zimejisokota juu yake kama kamba za viatu. Akazifuata. Kila mti mgonjwa alioufukua, nyuzi zilitoka upande ule ule, kutoka kwa shahidi wa Edmond. Akakaa juu ya kisiki kile, udongo mpaka kwenye viwiko, akakaa mpaka binti yake mkubwa akaja kumuuliza kama anaumwa.

"Siumwi. Ninazungumuza na baba yako."

"Anasema nini?"

"Anasema alipanda miti. Hakupanda kisiki."

Kumpata wa kumsaidia kulikuwa kazi nyingine. Majirani walikataa hata kwa kasiksi. Symphorien peke yake alikubali, akaja na shoka lake na wenzake wawili wa Walikale wa pale tanurini. "Kwetu kisiki hakina ulimi," alisema, akatema mate kwenye viganja. Walichimba, wakakata mizizi minene kama kiuno, wakalipasua lile zee vipande vipande. Adelaïde hakutazama pembeni wakati likitoka. Alishika jembe kama wengine. Vipande vikakaa vikakauka chini ya paa, kisha vikaenda seshwari, na shahidi wa Edmond akakausha pareto. Kwenye shimo akapanda maharagwe. Kuzunguka sehemu yote ya ugonjwa akachimba mfereji, wa kina cha kiuno chake, kwa mkono wake na wa mabinti zake.

Athanase alikuja kabla maharagwe hayajatoa maua.

Alikuwa kaka mkubwa wa Edmond, shemeji wa Adelaïde, mwenye shamba la jirani, mtu wa kanisani, mpole wa sauti. Watu wapole wa sauti ndio wa kuogopwa kwenye mambo ya ardhi. Alisalimia, akauliza habari za watoto, akasifu maharagwe.

"Mulamu," akasema mwishoni, "nimeona shahidi ameondoka. Sikutaka kuamini. Nikauliza, bakaniambia ni weye."

"Ni miye, mulamu."

"Basi unatuacha lini?"

"Nani alisema ninahama?"

"Weye, kwa jembe yako." Akasema kwa upole kabisa. "Ukihama salama, shamba inarudia kwa nani? Mbuzi ya kalinzi ilikuwa ya nani?"

Hapo Adelaïde aliona shimo lilipo. Kalinzi ni ile heshima anayopelekewa mwami, yaani chifu, ili mtu apewe mahali pa kulima, na ya Edmond ilikuwa mbuzi dume. Edmond wakati ule hakuwa na mbuzi wala kuku. Aliazima kwa Athanase, akaahidi kurudisha, akafa. Shahidi alipokuwepo, mbuzi ile ilikuwa deni dogo la ndugu, la kutaniana nalo wakati wa kunywa. Shahidi alipoondoka, mbuzi ilikuwa shamba, na mwenye mbuzi ndiye mwenye shamba.

Walikutana uani kwa Callixte, mushamuka, mzee wa mwami aliyesimamia kilima kile. Watu walijaa, maana hawakuwa na kitu kingine cha kutazama.

"Adelaïde," Callixte aliuliza, "kisiki ya bwana yako iko wapi?"

"Ilienda seshwari, mushamuka."

"Kufanya nini?"

"Kukausha maua ya muzungu."

Watu wakacheka. Callixte hakucheka, ila kiko chake kilichelewa kutoka mdomoni.

"Kumbe shahidi umemuchoma."

"Alikuwa mugonjwa, mushamuka. Na alikuwa anaambukiza benzake."

Athanase akasimama. "Muntu anayeng'oa shahidi anafunga mizigo. Sheria hii sikuileta miye, niliikuta. Edmond alikata msitu, sibishi. Lakini mbuzi ilitoka kwa zizi yangu na haikurudi. Sasa mulamu yangu hana shahidi, hana mbuzi, hana mutoto mwanaume. Anabakia na nini?"

"Ninabakia na mufereji," Adelaïde alisema. "Muniambie, batu ya Kibabi. Muntu anayefunga mizigo anachimba mufereji wa nini? Wa kuzikia masufuria?"

Mzee mmoja alikohoa kicheko. Callixte akaomba fimbo yake, akasema anakwenda kuona kwa macho, na uani wote ukamfuata.

Adelaïde aliwaonyesha machipukizi kwenye visiki vizima, mawili mawili, ya kijani. Akawaonyesha maharagwe. Akawaonyesha mfereji, na mizizi iliyokatwa kwenye ukingo wake. Kisha akavuka mpaka, akaingia kwa Athanase bila kubisha hodi, akabandua ganda la mkaratusi wa kwanza aliouona wenye majani ya njano. Kile cheupe kilikuwa pale, kimetanda.

"Huo ni muti yangu," Athanase alisema.

"Ulikuwa wako. Sasa ni wa uyoga."

Nyuma ya mti huo, shahidi wa Athanase mwenyewe alikaa, mkubwa, mweusi, amezungukwa na uyoga mzuri wa rangi ya asali. Binti wa mtu fulani alikuwa ameshaanza kuuchuma. Athanase aliutazama, akatazama kwingine. Kung'oa mbele ya kilima kizima, baada ya maneno aliyotoka kusema, kungemfanya ajihukumu mwenyewe.

Callixte aliketi palepale akakata shauri. "Shamba inayochimbwa haijaachwa. Hilo nimeliona. Lakini mbuzi iko mbuzi. Mpaka irudi, Adelaïde asiangushe muti wowote unaosimama. Mbuzi ikirudi, kalinzi inakuwa ya Edmond, na ya Edmond ni ya batoto yake, ata bakiwa banawake. Isiporudi mpaka pareto ya mwaka ujao, Athanase aingie."

Athanase akashukuru kwa sauti yake ya upole. Mjane asiyeweza kukata mti, mbuzi ataitoa wapi?

Watu walimpa pole njiani. Adelaïde alizipokea pole zote, akazitia kapuni, na kesho yake akaingia shambani na jembe. Alikuwa amesikia neno moja zaidi ya wengine. Callixte alisema mti unaosimama. Visiki havisimami. Mizizi haisimami. Na mteremko wake ulikuwa umejaa visiki vya wagonjwa, ambavyo ilikuwa lazima avitoe hata hivyo.

Shida ilikuwa kuiuza mizizi hiyo. Symphorien aliitazama mizigo ya kwanza ya mizizi kama mtu aliyeletewa nyama na manyoya.

"Hii udongo nitaipeleka wapi, Mama Adelaïde? Nipike matofali?"

"Rudisha. Nitaleta ingine."

Akairudisha nyumbani. Yeye na mabinti zake wakaipiga kwa magogo mpaka udongo wote ukatoka kwenye mikunjo, wakaipasua vipande vya mkono mmoja, wakaipanga juani. Walipoipeleka mara ya pili ililia ilipogongana. Symphorien akaijaribu usiku kucha. Asubuhi alitembea hadi Kibabi, jambo ambalo hakulipenda, maana magoti yake yalizoea msitu tambarare.

"Kuni ya juu inapiga kelele halafu inalala," alisema, akihema. "Hii ya chini haina kelele, na inakesha. Sikuamuka hata mara moja kuongeza. Leta yote."

"Yote haiwezekani. Ingine ni ya Mama Élisabeth."

Mama Élisabeth alipika kasiksi ya kuuza barabarani kwenda Sake, na mtu wa kasiksi anahitaji moto wa taratibu kuivishia ndizi zake shimoni na kuchemshia maji. Alikuwa na mbuzi jike mwenye mimba. Maelewano yalikuwa mafupi: kuni za mizizi mpaka mvua kubwa, na mbuzi akizaa dume, dume ni la Adelaïde. Akizaa jike, Adelaïde apewe pole.

Alizaa dume.

Hakuna mbuzi aliyelelewa vile Kibabi nzima. Alilala ndani, alikula maganda ya ndizi ya kuchaguliwa. Akaota ndevu, akaota pembe, akaota na harufu, mpaka mabinti wakaomba alale nje. "Avumiliwe," Adelaïde aliwaambia. "Huyu si mbuzi, ni shamba ya baba yenu inatembea." Wakati huo huo, kila alipoinua kichwa kutoka shimoni, aliona miti ya Athanase ikizidi kuwa ya njano, mstari baada ya mstari, kutoka kwenye shahidi kuelekea nyumbani. Upande wake, ng'ambo ya mfereji, hakuna mti mpya uliougua. Hakumwambia Athanase lolote. Watu wengine wangemwambia kila Jumapili mlangoni mwa kanisa, na ulimi wa kufanya hivyo alikuwa nao. Aliuzuia. Pengine hilo lilimchosha kuliko mfereji.

Pareto ilipoanza kuchanua, alimpeleka mbuzi uani kwa Callixte, kwa kamba mpya. Athanase alikuwa ameshaitwa. Alikuwa amekonda, na shati lake la kanisa lilimpwaya.

Callixte alimkagua mbuzi meno na kwato. "Iko nzima. Athanase, ile yako ilikuwa kama hii?"

"Ile ilikuwa na pembe moja," Athanase alikiri. "Ingine ilivunjikia kwa mulango."

"Basi pokea."

Athanase alishika kamba lakini hakuondoka. Alisimama akitazama chini, na watu wakaanza kutazamana. Alipofungua mdomo, alimwambia Adelaïde kana kwamba hapakuwa na mwingine uani.

"Mulamu. Ile kazi ya kung'oa kisiki kubwa. Inataka batu ngapi?"

Angeweza kumjibu mengi, na nusu ya uani ilikuwa imetega sikio kwa ajili ya hayo mengi. Adelaïde alimtazama mbuzi, akamtazama mulamu wake.

"Batu ya kushiba mbuzi moja," akasema.

Wakaenda wote. Kwenye kilima kile, anayeita watu kazini huwalisha, na Athanase hakuwa na kingine cha kuwalisha. Mbuzi alichinjwa pembeni mwa shahidi, ndizi zikamenywa, na wale wale waliokataa kugusa kisiki cha Edmond wakagusa cha Athanase, kwa sababu sasa mwenyewe alikuwa wa kwanza kutia jembe. Adelaïde aliwaonyesha pa kukata mizizi, na mstari wa kuchimba mfereji. Symphorien alipanda kutoka bondeni na shoka lake, akisema amesikia harufu ya nyama mpaka tanurini. Kisiki kilipogeuka, mizizi yake ikatazama juu, na ile miti ya Athanase iliyobaki mizima, michache, ikawa na nafasi ya kuishi.

Walikula wakiwa wamekaa juu ya udongo uliofukuliwa. Callixte, aliyekuja kula na siyo kuchimba, alifuta vidole kwenye majani.

"Na ile deni ya Edmond, Athanase? Niambie mbele ya batu, niimalize kichwani."

Athanase alikuwa na mfupa mdomoni. Akautoa.

"Imelipwa, mushamuka," alisema. "Tena imeliwa."

Adelaïde alicheka kuliko wote, kisha akasogeza sahani yake ili aongezewe mchuzi.